Miwani kwa Wenye Macho Mazima

Marehemu mume wangu hakuwa mgawa miwani. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu wapo watu waliohamia mtaani kwetu miaka ya karibuni, na wanawasimulia watoto wao kwamba palikuwa na daktari hapa aliyewafunga watu wazima vioo vitupu machoni akajifanya anawatibu. Wajukuu zangu wanasoma darasa moja na watoto hao. Mume wangu alikuwa mwanasaikolojia, mwenye shahada mbili ambazo bado zimetundikwa sebuleni kwetu, na yaliyotokea nitayaeleza yalivyokuwa. Yaliyosemwa chumbani mwake, nyuma ya pazia, hakuniambia yeye hata siku moja. Nimeambiwa na wenyewe, na wote ninaowataja wameniruhusu. Refa wa mpira mtaani kwetu aliniruhusu kwa sharti kwamba niandike penalti ile ilikuwa halali. Ilikuwa halali.

Alianza kazi katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, nje kidogo ya mji, ambayo watu hawakuiita kwa jina lake. Waliiita Ukutani, kwa ajili ya ukuta ulioizunguka. Mtu akichelewa kujibu dukani aliambiwa, "Wewe utaishia Ukutani." Mume wangu aliwaona wagonjwa wakiletwa pale wameshaharibika kabisa, wengine baada ya kufichwa vyumbani miaka mingi, na akashika jambo moja ambalo hakuliachia mpaka anakufa: mtu aliyekosa usingizi kwa mawazo akae benchi moja na mwenye kikohozi, kwenye kituo cha afya cha mtaani kwao, aitwe, aingie, atoke, apitie nyanya sokoni, arudi nyumbani. Hayo ndiyo yalikuwa madai yake yote. Kwa madai hayo alihudhuria mikutano mingi kiasi kwamba mama yake aliamini ndiyo kazi aliyosomea.

"Mtu anakuja kwako, anasema, wewe unasikiliza?" mama mkwe wangu alimuuliza siku moja mezani.

"Ndiyo, mama."

"Halafu?"

"Halafu anasema tena."

"Mimi nimesikiliza watu maisha yangu yote, baba yako akiwa wa kwanza, na hakuna aliyenipa cheti."

Hatimaye mikutano ilizaa kitu. Ofisi kuu ya afya ilikubali ajaribu katika kituo chetu. Mkuu wa kituo, mwanamke wa maneno machache, alimpokea mlangoni akamwambia, "Chumba sina. Nina nusu chumba." Nusu ya pili ilikuwa ya Mpima Macho, mtu mnene, mpole, mpenda chai, ambaye hakuwahi kukataa kitu alichoombwa. Wakagawana chumba kwa pazia la kijani. Ili asisikie ya wagonjwa, Mpima Macho aliwasha redio yake ndogo, na tangu hapo watu wa mtaa wetu walifungua mioyo yao kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Lakini kwanza hakuja mtu. Mume wangu alikuwa ametundika kibao mwanzo wa korido, HUDUMA YA AFYA YA AKILI, na mshale. Korido ile ndiyo iliyokwenda pia chumba cha sindano na chooni. Haikupita wiki, korido ikawa haina mtu. Hakuna aliyetaka kuonekana akifuata mshale ule hata kama mkojo umembana. Mzee mmoja wa kisukari alianza kuchomwa sindano yake dirishani, amesimama nje katikati ya maua, shati amelipandisha, anasalimiana na wapita njia.

"Daktari," Mkuu wa kituo alimwambia, "kibao chako kimenifungia korido."

"Watazoea."

"Watazoea lini? Watu wanajisaidia nyuma ya stoo."

Kibao kikashushwa, kikasukumwa nyuma ya kabati. Mume wangu akabaki upande wake wa pazia akisoma vitabu ambavyo alishavisoma.

Aliyevunja ukimya alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana. Yeye alikwenda kwa macho kweli. Mpima Macho akamweka mbele ya chati, akamwambia asome. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, alipofika wa tatu machozi yakaanza kumtoka.

"Herufi zimekukosea nini, Mwalimu?" akauliza Mpima Macho.

"Hazijanikosea kitu."

Akamshika kiwiko, akafungua pazia, akamwingiza kwa mume wangu, akaongeza sauti ya redio. Mwalimu Mkuu alikaa huko mpaka mpira ukaisha na habari zikasomwa. Alipotaka kutoka alichungulia nje, akarudi akaketi.

"Sitoki."

"Kwa nini?"

"Benchi zima ni wazazi wa wanafunzi wangu. Macho hayapimwi muda wote huu. Watajua."

Sasa, chini ya meza ya Mpima Macho palikuwa na katoni kubwa ya fremu, msaada wa zamani kutoka kwa wafadhili ambao bila shaka walitaka kuziondoa nyumbani kwao. Zote zilikuwa za aina moja, za kahawia, kubwa, nene, zinazomfanya yeyote aonekane bundi aliyestaafu. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuzikubali. Mpima Macho alikuwa amezitia vioo vitupu ili zisipinde. Akachomoa moja.

"Vaa hii. Ukiulizwa, sema macho yako yalikuwa magumu kupimika."

Mwalimu Mkuu akavaa, akatoka kichwa juu, akalisalimu benchi zima mmoja mmoja, akaenda zake.

Jioni ile mume wangu hakula vizuri. "Napigania watu watoke waziwazi," aliniambia, "na wa kwanza nimemtoa amejificha usoni."

"Lakini ametoka?"

"Ametoka."

"Atarudi?"

"Alhamisi."

"Basi mwache avae."

Nilisema hivyo na sijabadili mawazo. Alhamisi Mwalimu Mkuu alirudi. Wiki iliyofuata akaja Muuza Nyama, ambaye mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka kila asubuhi bila ugonjwa wowote, akatoka na miwani iliyomteleza puani kila alipoinua panga, na wateja wake wakawa wanasimama mbali na kuhesabu vidole vyake. Wakaja mke na mume waliooana mwaka ule ule, kila mmoja kwa siri, siku tofauti. Walikutana mezani wote wamevaa.

"Na wewe macho?"

"Macho."

Wakaendelea kula, halafu mke akaanza kucheka, na mume akamfuata, na tangu hapo walikuja pamoja.

Na akaja Refa. Alikuwa amefiwa na mke wake, na alikuwa akirudi kwenye nyumba tupu akikaa gizani bila kuwasha taa. Alikaa wiki tatu na wazo la kwenda, kwa sababu alijua kitakachofuata. Siku aliyoingia uwanjani na miwani ile ya kahawia, mechi ilichelewa kuanza. Mashabiki wa pande mbili ambao hawakuwahi kupatana juu ya jambo lolote walipatana.

"Tulisema. Miaka yote hii tulisema."

"Amekubali mwenyewe. Mpeni heshima yake."

"Refa, mpira ni ule wa duara."

Refa akapuliza filimbi, mchezo ukaanza. Aliivaa miwani ile msimu mzima.

Nilianza kuona jambo sokoni. Muuza Nyanya, mwanamke ambaye ulimi wake haukumwacha salama mnunuzi yeyote, mimi nikiwemo, alikuwa akiona miwani ya kahawia inakuja anashusha sauti. Anachagua nyanya nzuri mwenyewe. Kwenye foleni ya maji mwenye miwani alipishwa. Watoto waliompigia kelele walivutwa masikio. Nilimwambia mume wangu kwamba mtaa umekuwa na adabu kwa vipofu. Akaniomba chumvi.

Tatizo lilianzia mbali. Ofisi kuu ya afya ilisikia kwamba mtaa mmoja unapofuka. Ikatuma kwanza watu wa maji, wakachukua maji ya bomba kwenye chupa, wakatuamuru tuchemshe hata ya kufulia. Akafuata mtu wa umeme, akazipima taa za barabarani kwa chombo chenye sindano, akatikisa kichwa, akaondoka. Likaja gari la kipaza sauti kutukataza kutazama simu gizani. Mama mkwe wangu, ambaye hana simu, alitii kwa kulala mapema.

Kisha likaja agizo kwamba dereva yeyote wa serikali mwenye miwani kutoka kituo chetu asiguse usukani mpaka apimwe upya. Hapo lilimkuta Dereva wa gari la wagonjwa, kijana wa watu, mtulivu, ambaye naye alikuwa na miwani ya kahawia. Alinyang'anywa funguo akapewa ndoo. Akawa analiosha gari kutwa nzima. Gari likang'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani, na likawa linaendeshwa na mlinzi wa geti, aliyejua gia ya kwanza na ya pili. Wagonjwa waliojiweza kidogo walitangulia kwa miguu.

Mwisho akaja Bingwa wa Macho mwenyewe, kwa basi dogo la ofisi kuu, yeye na karani wake. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani ya dhahabu. Alimwomba Muuza Nyama miwani yake, akatazama, akaifuta, akatazama tena.

"Hiki ni kioo cha dirisha," akasema.

Akaitisha mkutano wa hadhara Jumamosi katika ukumbi wa shule. Kila mwenye miwani ya kahawia atapimwa mbele ya watu. Wakionekana macho yao ni mazima, basi kituo kimefanya udanganyifu: Mpima Macho atafukuzwa kazi, pazia litashushwa, mume wangu atarudishwa Ukutani, na anayekosa usingizi mtaani kwetu atamfuata hukohuko.

Usiku wa Ijumaa tulikaa sebuleni watu watatu.

"Wataje," mama mkwe wangu akasema.

"Siwataji, mama."

"Wachache tu. Wale wasiokupenda."

"Mama."

"Jina la ukoo huu halijawahi kusomwa mkutanoni ila kwa sifa. Baba yako walimtaja siku ya kisima, babu yako siku ya daraja. Wewe utatajwa kwa vioo vya dirisha?"

Mimi nilimuuliza hawezi angalau kueleza kazi ya pazia bila kumtaja mtu. "Nikieleza kazi ya pazia," akasema, "nimewataja wote, maana wamevaa usoni. Nikinyamaza, chumba kinafungwa. Nikisema, kitabaki wazi na hataingia mtu." Alilisema bila hasira, kama anayesoma hesabu iliyogoma.

Mama mkwe wangu akainuka akachukua shati jeupe la mume wangu. "Lete pasi," akaniambia. "Kama jina letu linakwenda kuchafuliwa, litachafuliwa likiwa limepigwa pasi."

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Chati ya herufi ilitundikwa jukwaani, na Bingwa akaketi mezani na karani. Mume wangu alisimama kabla hajaitwa.

"Miwani ilitoka kwangu. Mwenzangu hana kosa."

"Katoni ni yangu," Mpima Macho akasema, naye akasimama.

"Wazo la kuitoa lilikuwa langu."

"Hukuwa na wazo, Daktari. Ulikasirika sana."

"Kaeni chini nyote wawili," Bingwa akasema. "Wazo la nini? Mtu mzima mwenye macho yake avae kioo kitupu kwa haja gani?"

Mume wangu akasema hawezi kujibu. Bingwa akamwambia karani aandike kwamba hawezi kujibu, akaanza kuita watu.

Wa kwanza alikuwa Muuza Nyama.

"Soma."

"Nisome wapi?"

"Mbele yako."

"Mbele yangu kuna kitu?"

"Kuna ubao, mzee."

"Ahaa." Akakunja uso. "Naona kama ukungu. Au ni ng'ombe."

Watu wakatazamana. Akaitwa Mwalimu Mkuu. Bingwa akamwonyesha kwa fimbo herufi ya juu kabisa, kubwa kama sahani. Mwanamke yule alikuwa amefundisha herufi maisha yake yote, na nusu ya ukumbi ule ilijifunza kusoma kwake. Aliitazama ana kwa ana.

"Hii siifahamu," akasema.

Mke na mume wale walipanda jukwaani wameshikana mikono wakaigonga meza ya Bingwa, wakaiomba radhi. Fundi wa baiskeli akasoma chati kuanzia ukutani, pasipo na chati. Mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kuvaa miwani ya aina yoyote alinogewa, akapanda bila kuitwa akasema na yeye haoni. Bingwa alivua miwani yake akafuta jasho. Kila mtu aliyeshindwa kusoma alikuwa anamwondolea kesi, maana kama hawaoni, miwani ina sababu, hata kama vioo si sahihi. Mtaa mzima ulikuwa umeelewa hilo bila kuambizana.

Ndipo akaitwa Refa.

Walikuwamo ukumbini watu waliosubiri siku hii tangu ile penalti ya fainali, ambayo iliwanyang'anya kombe, na ambayo Refa aliapa mbele ya mashabiki waliotaka kulipindua gari lake kwamba aliiona kwa macho yake mawili. Akapanda taratibu. Alivaa suruali yake ya kazi, ile nyeusi.

"Herufi hii ni kubwa kama mlango," Bingwa akasema. "Unaiona?"

Akageuka akamtazama mume wangu, kisha akarudisha uso kwenye chati.

"Sioni."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Sauti ikatoka nyuma kabisa, ya upole, si ya kejeli. "Na ile penalti, Refa?"

Akapeleka mkono kwenye mfuko wa suruali, filimbi inapokaa.

"Sikuiona," akasema.

Hakuna aliyecheka. Wanaume waliokuwa wamemtukana kwa mwaka mzima waliinamisha vichwa wakatazama viatu vyao. "Andika," Bingwa akamwambia karani, na karani akaandika.

Mume wangu aliniinamia sikioni. "Wanakiokoa chumba," akanong'ona, "na mimi nakiona kinakufa. Kesho kila mtu ataendelea kujificha, na mimi ndiye niliyewafundisha."

Akaitwa Dereva. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye ndoo, viatu vimelowa, akaacha alama za maji jukwaani. Kila mtu alijua yalipo mambo yake. Akisema haoni, hataendesha tena maisha yake. Akisema anaona, anafunga chumba kwa mkono wake. Alisimama mbele ya chati na mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Unaona?"

Akamtafuta mume wangu kwa macho. Mume wangu hakumwonyesha ishara yoyote, na najua ilivyomgharimu, maana alikuwa ameushika mkono wangu.

"Naona," Dereva akasema.

Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akashuka mpaka wa mwisho ambao mimi niliuona kama mchanga, akasoma na jina la mchapaji pembeni kabisa. "Na pale kuna inzi," akamalizia.

"Basi miwani ya nini?"

Akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Nilikuwa nalia nikiendesha."

"Wapi?"

"Barabarani. Nikimpeleka mgonjwa silii. Nikirudi na gari tupu ndipo nalia, mpaka nasimama pembeni. Tangu yule mtoto aliyenifia mikononi nimeshafika getini." Alizungumza akiitazama miwani. "Nikaenda kwa Daktari huyu, upande wa pili wa pazia. Nimekaa naye sana. Siku hizi nikirudi na gari tupu naimba. Naimba vibaya, lakini naimba. Miwani nilivaa ili msijue."

Kisha Muuza Nyanya akasema kutoka alipokaa, kama anayemtajia mtu bei:

"Tulijua, kaka."

"Mlijua nini?"

"Tulijua. Tangu siku ya kwanza. Nani amekwenda kupimwa macho akatoka anapumua vizuri?"

"Wote tulijua," akasema mwingine.

"Ndiyo maana hatukukuuliza."

Mwalimu Mkuu alivua yake polepole. "Na mimi mlijua?"

"Na wewe, Mwalimu. Ulitusalimia benchi zima. Hujawahi kusalimia."

Watu wakaanza kugeukiana vitini. Ilionekana kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja mtaani asiyejua maana ya miwani ya kahawia, isipokuwa waliovaa, ofisi kuu ya afya, watu wa maji, na mtu wa umeme. Na mimi, niliyesoma kuliko wengi mle ndani, niliona adabu yote ile sokoni nikadhani wamewachukulia kuwa vipofu.

Refa alikuwa bado amesimama kando ya jukwaa.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Ina maana mimi nimesema sioni bure?"

"Pole, Refa."

"Nataka ifutwe."

"Nimeandika kwa wino," karani akasema.

"Penalti ile niliiona. Beki alimshika shati."

"Hakumshika."

"Alimshika, na mkono wa pili alimsukuma."

"Umesema mwenyewe hukuiona."

Yaliyofuata hayakuwa mkutano tena. Bingwa alisimama kuomba utulivu akajikuta akielezwa penalti ile na pande mbili kwa wakati mmoja, viti vikiwa wachezaji na kiatu cha Dereva kikiwa mpira. Alijaribu kusema kwamba hakuja kwa hilo. Baadaye aliuliza beki alikuwa amesimama wapi hasa. Mwisho akatoa uamuzi wake, kwamba kwa jinsi alivyoonyeshwa ilikuwa penalti, na Refa akaketi, akaweka miwani ya kahawia kwenye goti lake, akafunika uso kwa mikono miwili. Aliyemwekea mkono begani alikuwa shabiki wa timu iliyonyang'anywa kombe.

Kabla ya kuondoka, Bingwa alisema ni lazima akakikague chumba. Aliingia upande wa pili wa pazia na mume wangu, na Mpima Macho, kwa mazoea, akawasha redio. Dereva wa basi la ofisi kuu alipiga honi, akasubiri, akapiga tena, akazima gari. Bingwa alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Mpima Macho aliinama chini ya meza bila kufikiri, akamnyooshea fremu ya kahawia.

"Asante," Bingwa akasema. "Nina yangu."

Chumba hakikufungwa. Dereva alirudishiwa funguo, na mlinzi akarudi getini kwa furaha ya wagonjwa wote. Kibao kilitolewa nyuma ya kabati, kikafutwa vumbi, kikatundikwa palepale na mshale wake, na korido haikufungika tena. Yule mzee wa kisukari peke yake aliendelea kuchomwa dirishani, akasema ameshazoea maua.

Kutoka hapo kazi ya mume wangu ilikua, na sifa hizo zipo kwenye kumbukumbu za ofisi kuu, sina haja ya kuzipamba. Vituo vingine vilimwita awafundishe wauguzi wao. Alizunguka hadi kustaafu, na kila alikokwenda alipokewa na swali lilelile kabla hajatua mkoba: miwani mnaipata wapi? Ujumbe mmoja ulitoka mbali ukamwomba waone katoni. Aliwaeleza kwamba miwani haikuwa sehemu ya tiba, wakaandika, na wakati wa kuaga mkuu wao akamvuta pembeni akamuuliza kama rangi ya kahawia ni lazima. Wanaosema leo kwamba alikuwa mgawa vioo, nadhani ndiko walikolitoa.

Uzeeni macho yake yaliharibika kweli. Mpima Macho, naye mstaafu, alimpima nyumbani kwetu akamwandikia miwani ya nguvu. Siku ya kwanza kuivaa hakufika hata kona. "Pole, Daktari," majirani walimwambia. "Kuna nini nyumbani?" Jirani mmoja alinijia mimi kwa siri kuniuliza kama bado tunaelewana. Nilimjibu kwa ukali kwamba nyumba hii haina tatizo, ni macho. "Ndiyo, mama," akasema kwa upole mkubwa. "Tunajua ni macho." Mume wangu alicheka mpaka akaketi chini. Mtaani kwetu mtu mwenye macho mabovu kweli ana kazi kubwa ya kueleza.

Sasa amekufa, na ninapoandika haya nimevaa miwani. Ni ya kusomea, nimeandikiwa na daktari. Muuza Nyanya hupita jioni akirudi sokoni, akiniona barazani nimeivaa anavuta kiti.

"Macho, mama?"

"Macho."

"Ndiyo."

Anakaa. Juzi nilimvulia miwani nikampa aone mwenyewe kwamba vioo vina nguvu. Akaivaa, akatazama barabara, akakubali kwamba kweli vina nguvu sana, akanirudishia, akaendelea kukaa. Alikaa mpaka giza likaingia, na mimi sikumwambia aende.

Alhamisi mchana nina miadi kituoni. Aliyepo sasa upande wa pili wa pazia ni binti mmoja ambaye mume wangu alimfundisha kazi. Mama mkwe wangu, ambaye umri umemchukulia kila kitu isipokuwa ulimi, ameniuliza nikikutwa pale benchi nitawaambia watu nimekuja kwa lipi. Nimemwambia kwamba macho nilishapimwa.

Akasema nimletee lile gauni langu la buluu, na pasi.